Baba anasema ametoka kliniki, kitabu chake kinasema hakufika

Kwako Mshauri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Naivasha, ambako ninafanya kazi kwenye shamba la maua, upande wa kupakia. Mimi ni kifungua mimba, tuko wanne. Kwetu ni kaunti ya Kakamega, na baba bado anakaa huko bomani. Ana miaka 68. Presha anayo tangu 2016, sukari ilikuja mwaka wa korona. Mama alituacha 2022. Alipatwa na kiharusi usiku, akalazwa siku sita, hakurudi nyumbani tena.

Tulipomzika mama niliapa moyoni kwamba baba hatakwenda kwa njia ile ile. Kila mwezi, juma la kwanza, ninamtumia shilingi 1,500 kwa M-Pesa. Ni nauli ya boda hadi barabarani, matatu mbili hadi hospitali kubwa, chai na mkate, na kitu kidogo cha dawa endapo ataambiwa akanunue nje. Ni hospitali ile ile alikolazwa mama, kwa kuwa ndiyo iliyo na kliniki ya sukari ya kuaminika. Sijaruka mwezi hata mmoja, hata ule mwezi tuliopunguziwa siku za kazi. Ndugu yangu anayenifuata yuko Eldoret kwenye mijengo. Akipata hutuma, asipopata hasemi.

Mwaka jana mwezi wa tisa baba alilalamika kwamba macho yanaona ukungu. Niliogopa atapotea stendi. Nikapanga na mke wa ndugu yangu, anayekaa hapo bomani na watoto, awe anamsindikiza na kuingia naye kwa daktari ili asikie yanayosemwa. Ni mtu mzuri sana, alikubali mara moja. Walienda Oktoba na Novemba. Novemba baba aliniambia ameongezewa kidonge cha kupunguza maji mwilini, na kwamba siku hizi daktari anauliza maswali ya ajabu mbele ya watu. Nilicheka tu. Desemba akamwambia shemeji yangu asijisumbue, ana watoto wa kuangalia, yeye njia anaijua. Tangu hapo kila tarehe ya kliniki anaamka gizani, anavaa koti lake la kijivu, anatoka na mfuko wake, anarudi saa kumi za jioni.

Pasaka nilikwenda nyumbani. Nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa, nikafungua sanduku la bati ambamo mama aliweka karatasi zetu. Humo nikakuta kitabu cha kliniki cha baba. Nilikifungua nione presha iko wapi. Mhuri wa mwisho ni wa Novemba. Chini yake imeandikwa tarehe ya kurudi Desemba, halafu kurasa ni nyeupe. Kando ya kitabu kulikuwa na kiberiti, na ndani ya kiberiti vidonge sita kwenye vipande vya karatasi ya dawa vilivyokatwa kwa makasi, vile wanavyokukatia dukani ukinunua dawa za shilingi hamsini.

Mshauri, miguu iliniisha nguvu. Desemba aliniambia kwa simu, "Nimetoka kliniki, presha imeshuka." Januari hivyo hivyo, Februari, Machi. Februari alinitajia hadi kipimo, mia moja thelathini kwa themanini. Alikitoa wapi?

Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikafunga sanduku, sikusema neno. Ndugu yangu nilipomwambia aliwaka. Anasema baba anakula jasho langu, nikate pesa, tumlipe kijana wa boda amfikishe hadi mlangoni na atupigie picha. Dada yangu anasema nimlete hapa Naivasha, chumba changu ni kimoja lakini tutabanana. Shangazi anataka kuitisha kikao cha ukoo. Mimi kwa sasa ninampigia baba kila jioni kumuuliza kama amemeza dawa. Majibu yake yamekuwa mafupi, na jana simu ilikuwa imezimwa.

Nikimwambia ninajua, atajua nimepekua sanduku lake, na baba yangu ni mtu wa heshima zake. Nikinyamaza, nitakuwa nimenyamaza kama nilivyomnyamazia mama aliposema ni kichwa tu kinauma. Nifanyeje?

Kifungua mimba, Naivasha

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu, kwa sababu kuna mistari umeipita mbio na mimi nikabaki nayo.

Unachouliza ni kama umwambie, ukate pesa au umlete kwako. Lakini ninasikia pia mtoto aliyeumia. Umejinyima ukatuma, na mkono uliotuma umerudishiwa uongo. Na nyuma ya hayo kuna yale majuma ya 2022, unayaona yakirudi. Hofu na uchungu vimekuja pamoja, ndiyo maana kila ushauri unaopewa unausikia ama kama adhabu ama kama kumwacha afe. Tuvitenganishe kidogo.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi, na miaka mingi niliketi kwenye meza ya kliniki. Jioni, faili za wagonjwa ambao hawakutokea tulizipanga kando na kuandika neno moja: hakufika. Neno hilo halisemi kwa nini. Tuliwaita wazembe, Mungu atusamehe, mpaka nilipoanza kuwauliza waliorudi. Mmoja alifika langoni akakumbuka jinsi alivyofokewa mwezi uliopita, akageuza. Mwingine nauli ilikuwepo ila ng'ombe alikuwa anazaa. Wapo waliokuja wakakuta hakuna huduma: mgomo wa madaktari wa 2024 pekee ulidumu siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, na mzee aliyechoma nauli mara mbili kwenye lango lililofungwa hana haraka ya kuichoma mara ya tatu. Wengi walinijibu kwa sauti ya chini sana. Sababu yao ilikuwa ndogo mdomoni na kubwa kifuani.

Sasa turudi kwa mzee wako.

Ndugu yako anasema baba hajali. Hebu tazama lile koti. Mtu asiyejali angeamka saa tatu, akanywa chai, akakwambia kwa simu kwamba ameenda. Baba yako anaamka gizani, anavaa, anatoka. Kuna mahali anapokwenda, au mahali anapokaribia kufika. Na vidonge vya kiberitini? Vimenunuliwa na mtu anayeogopa presha yake. Anavinunua vipande vipande, havitoshi, na hilo ni hatari nitakayoisema hapo chini, lakini si matendo ya mtu aliyejitupa.

Pia nakuomba kile kipimo cha Februari usikiite uongo bado. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mifuko ya kazi yenye mashine ya presha na ya sukari, nao wanapita vijijini nyumba kwa nyumba. Maduka mengine ya dawa pia hupima. Inawezekana kabisa alipimwa, akapata mia thelathini kwa themanini, akafurahi, akakwambia. Alichoficha ni mahali.

Ni mistari ipi niliyobaki nayo? Umeandika kwamba Oktoba shemeji yako alianza kuingia naye kwa daktari. Halafu ukaandika kwamba Novemba baba alilalamika juu ya maswali ya ajabu "mbele ya watu", nawe ukacheka. Mhuri wa mwisho ni wa Novemba hiyo hiyo. Mwanangu, mgonjwa wa sukari na presha mwenye umri wa baba yako huulizwa nini? Anaulizwa anakojoa mara ngapi usiku. Anaulizwa kama anawahi chooni. Akiwa mwanamume ataulizwa pia habari za nguvu zake, kwa sababu sukari huharibu neva na mishipa, na baadhi ya dawa nazo huchangia. Ni maswali ya haki, daktari asipoyauliza hafanyi kazi yake. Lakini "watu" waliokuwa mle chumbani ni nani? Ni mkaza mwana wake. Wewe unajua kwenu mzee na mkaza mwana wanavyoheshimiana, hata mahali pa kuketi panaangaliwa. Ulimpa msindikizaji kwa mapenzi, wala sikulaumu, ningeweza kufanya hivyo hivyo. Ila huenda yeye aliona ni afadhali asitibiwe kuliko kuyajibu yale mbele yake, na hana namna ya kukwambia, kwa kuwa kukwambia ni kuyataja.

Kuna na hicho kidonge kipya. Dawa ya kupunguza maji humezwa asubuhi, na kwa saa chache zinazofuata humkimbiza mtu chooni mara kwa mara. Jiweke kwenye kiti chake: umekandamizwa katikati ya matatu, ya kwanza hujashuka na ya pili bado, huwezi kumwambia dereva asimame tena. Ukifika, umekaa kwenye benchi ambalo ukiinuka nafasi inachukuliwa, na choo kiko nyuma ya jengo. Hili lina dawa rahisi. Daktari akiambiwa anaweza kubadilisha saa ya kumeza siku ya safari, au kubadilisha dawa yenyewe. Asiamue mwenyewe, aulize. Lakini nani atauliza, ikiwa anayeingia naye ni yule yule?

La tatu umelitaja kwa sentensi moja: hospitali ni ile alikolazwa mama. Siku sita. Sijui benchi la kliniki linatazamana na nini, ila najua watu waliofiwa huzunguka nyuma ya soko ili wasipite mbele ya jengo fulani. Je, kuna mtu amewahi kumuuliza baba kurudi pale kukoje? Wewe mwenyewe tangu mazishi umeingia lango lile?

Huenda nimekosea yote matatu. Huenda pesa zinalipa karo ya mjukuu, au kuna jambo jingine kabisa. Nimeyaeleza kirefu ili uone kwamba kati ya "amenidanganya" na "hanijali" kuna nafasi kubwa.

Kwa hiyo, kumwambia au kutomwambia? Ukimwambia kwa kuanzia kwenye sanduku, mazungumzo yatakuwa ya sanduku. Atajitetea, au atanyamaza kama wazee wetu wanavyojua kunyamaza. Ukificha moja kwa moja, utakuwa unamtega kwa maswali ambayo majibu yake unayajua, na siku akigundua itamuuma zaidi. Baadhi ya watoto niliowaona walianza na la kwao: "Baba, mimi tangu mama aondoke nikisikia neno hospitali mwili unaniisha. Wewe unawezaje?" Kisha wakaketi. La sanduku linaweza kuja baadaye, na pengine utahitaji kuomba radhi kwa hilo, maana ni kweli ulifungua kisicho chako. Hatari ya njia hii ni kwamba ni ya polepole, nawe una wasiwasi wa haki kuhusu muda. Tena ni maneno ya ana kwa ana, hayafai simu.

Kuhusu simu, nina jambo la kukusimulia. Chulaimbo, karibu na Maseno, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 431 waliokuwa wameanza dawa za virusi vya UKIMWI. Wengine walitumiwa ujumbe wa kukumbushwa kila siku, wengine kila wiki, wengine hawakutumiwa. Matokeo yalichapishwa 2011. Baada ya wiki 48, waliotumiwa kila wiki ndio waliozidi: asilimia 53 yao walikuwa wametumia angalau asilimia 90 ya dawa zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa kitu. Na waliokumbushwa kila siku? Hawakuwapita wasiokumbushwa kabisa. Utafiti mwingine, wa Nairobi na Kajiado, ulichapishwa 2010. Huo haukumkumbusha mtu dawa. Kila wiki ulimtumia neno moja, "Mambo?", naye akajibu "sawa" au "shida". Aliyejibu shida alipigiwa na muuguzi. Hao walishika dawa vizuri kuliko wenzao. Ugonjwa si ule wa baba, najua, na kumeza dawa si sawa na kufika kliniki. Lakini simu yako ya kila jioni, na ile simu iliyozimwa jana, zimenifanya niwakumbuke. Ni lini mara ya mwisho ulimpigia ukauliza habari za mahindi tu?

Mpango wa ndugu yako wa boda na picha una faida moja: mwili utafika. Lakini mzee wa miaka 68 akipigwa picha langoni kama mzigo uliofikishwa, anaweza kufika akakaa kimya mbele ya daktari, akarudi na dawa asizozimeza. Na pesa ukizikata sasa, zitakatika pia zile shilingi hamsini za kiberitini. Kikao cha ukoo mimi kinanitia hofu zaidi. Ikiwa sababu ni ile ninayoidhania, ni jambo la kuzungumzwa na watu wawili, si kumi na wawili. Shangazi lakini usimtupe. Ni dada yake, na dada huambiwa mengine ambayo mtoto haambiwi.

Kumleta Naivasha kungempa kliniki isiyo na kumbukumbu za mama, na wewe ungekuwa karibu. Hilo si dogo. Kwa upande mwingine, angeacha shamba, majirani na kaburi la mkewe hapo nyumbani, ashinde peke yake kwenye chumba kimoja huku wewe ukiwa zamu. Wapo waliokuja kwa majuma matatu kama wageni, wakapimwa, wakaandikiwa upya, wakarudi kwao. Labda hilo angelisikia vizuri kuliko kuhama.

Ipo pia njia ya kusogeza matibabu karibu. Presha na sukari iliyotulia inaweza kufuatiliwa katika vituo vya afya vingi, na aliyejisajili SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, anastahili huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Hatari ni kwamba dawa huisha, na si kila kituo kina kila kipimo. Ungelazimika kuulizia kwanza siku yao ya kliniki na kama vidonge vyake wanavyo, na hospitali kubwa impe barua ya kumhamisha. Msindikizaji naye anaweza kubadilika bila mtu kuaibishwa: shemeji yako anaweza kupumzishwa "kwa sababu ya watoto", sababu ambayo baba mwenyewe ameshaitoa, na mwanamume wa rika lake au ndugu yako wa Eldoret akaenda naye. Ndugu yako amekasirika, lakini hasira yake ina mapenzi ndani. Huenda kufunga safari siku moja kukamfaa kuliko kutuma mia tano.

Sasa lile la hatari, na hapa nitasema kama muuguzi. Presha haiumi. Mtu anaweza kujisikia mzima mpaka siku ya siku. Dawa ya kumeza leo na kuacha kesho haimlindi. Na mwambieni asije akazimeza nyingi kwa mkupuo asubuhi ya kwenda kupimwa ili kipimo kipendeze. Nimeona wengi wakifanya hivyo, wakaanguka kwenye foleni. Si lazima asubiri tarehe yoyote: anaweza kwenda siku yoyote ya kliniki, na hata akiwa amepitisha miezi anapokelewa. Aende na vile vipande vya dawa ili daktari aone alichokuwa akitumia kweli. Kabla ya hapo mhudumu wa afya ya kijiji anaweza kuombwa ampime presha na sukari wiki hii hii, hapo nyumbani, bila safari. Macho yanayoona ukungu kwa mwenye sukari yasiachwe hivyo. Kwa upande wenu kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia, Vihiga. Tena fikiria, huenda hata tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu haioni vizuri. Na siku uso ukipinda upande, mkono ukilegea ghafla au maneno yakimkwama, hakuna cha kitabu wala cha nauli. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mama alisema ni kichwa tu kinauma, nawe ulimwamini kama mtoto anavyomwamini mama yake. Ulichonyamazia 2022 hukukijua. Tafadhali usikitie kwenye deni la baba.

Kitabu kiache sandukuni mpaka akitoe mwenyewe. Akikitoa, niandikie, na akikataa kukitoa, niandikie vile vile.

Wako, Mshauri